Gari la Gancho Lisilowaka Sikukuu

Gornovo, Jumanne, 3 Februari 2009

Mwanangu Yavor,

Pokea salamu za mama yako mkubwa, ambaye bado anapumua, bado anatafuna kwa meno yake mwenyewe upande wa kushoto, na bado anaandika barua. Najua utasema, "Mama Mkubwa, si upige simu tu?" Nimekaa kwenye dirisha la posta miaka thelathini na moja nikigonga muhuri barua za watu wengine. Sasa nimestaafu, na mimi nataka niandikiwe. Halafu kwenye simu unaniitikia "ndiyo, ndiyo" huku unatazama mpira. Kwenye barua huwezi kunifanyia hivyo.

Sisi wazima. Theluji imeziba mlango wa zizi, paka kazaa ndani ya kikapu changu cha sufu, na siku arobaini za Baba yako Mkubwa tulizimaliza salama. Watu walikuja mpaka ngano ya kuchemsha tunayogawa msibani ikapungua. Namkumbuka Gancho zaidi asubuhi, kwa sababu miaka thelathini na saba alikuwa akiniambia kahawa yangu chungu, na sasa naimeza uchungu wake peke yangu. Msalimie mkeo Desi, na mtoto Kalina mbusu mashavu yote mawili.

Sasa lililonifanya nichukue kalamu ni gari. Lile jekundu la Baba yako Mkubwa, la mwaka themanini na saba, sasa naliendesha mimi. Usicheke. Leseni ninayo tangu nina miaka arobaini, ila Gancho alikuwa hanipi ufunguo. Lina siku linawaka kabla sijakaa vizuri, na lina siku stata inazunguka, inazunguka, mpaka majirani wanatoka, na injini haishiki hata kidogo. Mityo, yule aliyekuwa fundi wa matrekta ya ushirika, ameshalitengeneza mara nne. Kila akija linawaka palepale, anafuta mikono, anakunywa pombe yangu ya rakia, anaondoka. Baada ya siku chache limekufa tena.

Wewe ndiye fundi umeme wa ukoo, na najua ule mtambo wa kuzuia wezi ulimfungia wewe. Kwa hiyo niambie ukweli, maana sitaki gari la kwenda sokoni tu. Mimi na mama yako hatusemezani tangu harusi yako, mwaka wa kumi na moja huu. Alisema mbele ya ukumbi mzima kwamba gari la Gancho kila Alhamisi linafika sokoni Karlovo, ila likiambiwa lije kwake yeye Tsonka ndipo linakufa, na kwamba ni mimi ndiye sikutaka kuja. Nikipiga simu anakata. Njia ya mlimani ikifunguliwa, Siku ya Gergi Mtakatifu, tarehe sita Mei, nataka nishuke mbele ya geti lake Troyan nikiwa na gari hilihili. Sitaki basi, wala gari la mtu. Aone kwa macho yake kwamba lilikuwa bovu kweli na sasa limepona.

Ni mimi mama yako mkubwa,
Velika

---

Zaragoza, 22 Februari 2009

Shikamoo Mama Mkubwa,

Barua yako imetembea siku kumi na nne, naona inaendeshwa na Mityo. Tumeisoma kwa sauti mezani. Desi amecheka mpaka akamwaga supu. Kalina meno ya mbele yote mawili yameng'oka na sasa anasema Kihispania kama mzee mlevi. Kazini pazuri, gereji imejaa, bosi mkali lakini anatuacha tule saa nzima.

Tuje kwenye gari. Kama stata inazunguka kwa nguvu, betri ni nzima, kwa hiyo mkataze Mityo kuigusa. Injini inataka mafuta na cheche, hakuna kingine. Siku likigoma, vuta harufu nyuma ya gari. Ukisikia petroli, mafuta yanafika na kinachokosekana ni cheche. Tazama pia taa ndogo nyekundu niliyoiweka pembeni ya usukani, kama inawaka au imezima. Kagua waya mweusi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi, kama umelegea au una kutu. Halafu chukua daftari uandike kila siku: tarehe, hali ya hewa, limewaka au limegoma. Ugonjwa unaokuja na kuondoka haukamatwi bila daftari, na hakuna anayejua kujaza daftari kukushinda wewe.

Jambo jingine dogo. Vitu vilivyoko mbele kwenye dashibodi viache palepale Baba Mkubwa alipoviweka. Usiniulize kwa nini. Magari ya zamani yana tabia zake.

Kuna habari ambayo Mama hakuniambia nikuambie, wala hakunikataza. Anahamia kwetu. Nyumba ya Troyan itafungwa, tiketi nimeshakata, ndege ni tarehe kumi na mbili Mei kutoka Sofia. Anasema pale hana mtu tena. Ukitaka kumwona, Gergi Mtakatifu ndiyo nafasi yako, na sidhani kama kutakuwa na nyingine.

Mwanao,
Yavor

---

Gornovo, 14 Machi 2009

Mwanangu Yavor,

Marahaba. Mwambie Kalina meno mapya yatakuja makubwa, asiogope, na wewe yalikuja kama ya sungura na bado ulipata mke. Huku theluji inayeyuka, barabara ni uji mtupu. Paka wanne nimewagawa, wa tano amekataa kwenda.

Ile habari ya tarehe kumi na mbili niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa. Tsonka ana miaka sitini na sita, hajawahi kulala nje ya Bulgaria hata usiku mmoja, na anasema hana mtu. Mimi niko upande wa pili wa mlima, kilomita sitini na tano.

Jumapili ya Kusameheana nilimpigia simu. Siku hiyo hata maadui wanasameheana, sembuse ndugu. Akapokea, akanisikia, akaniambia, "Namba umekosea, bibi." Sauti yangu ameijua vizuri sana, maana mtu asiyemjua haambiwi "bibi" kwa kisirani vile. Nilitaka niingie garini nimfuate, njia iwe imefungwa isifungwe. Gari likagoma.

Daftari nimejaza, na siku za kabla ya barua yako nimezitoa kwenye kalenda ya ukutani, maana huwa naandika kila kitu. Sikuletei lote, ila sikiliza. Siku ya Haralampi Mtakatifu, tarehe kumi Februari, baridi kali: limegoma. Alhamisi ya tarehe kumi na mbili, baridi kali zaidi: limewaka mara moja. Jumapili zote nne, mvua na jua: limegoma, limegoma, limegoma, limegoma. Jumatatu zote, mbele ya Mityo: limewaka. Siku ya Todor Mtakatifu, Jumamosi, nilitaka kwenda kuona farasi wakishindana: limegoma. Machi tano, sita, tisa, kumi: limewaka. Petroli nyuma inanuka, kwa hiyo mafuta yapo. Taa yako nyekundu imezima siku likiwa zima, na siku likigoma inakonyezakonyeza. Waya mweusi nimeusugua kwa siki na brashi ya meno ya marehemu.

Unaona mwenyewe. Gari linashika sikukuu. Kijiji kizima kinacheka. Padri amesema ndiye muumini pekee ambaye Jumapili hafanyi kazi kabisa, na akaniuliza kama nimelibatiza. Mityo yeye anasema stata imechoka.

Umeniandikia habari za dashibodi. Hakuna kilichotolewa. Mimi si mtu wa kuchokora vitu vya marehemu. Sasa nawe niambie, kwa nini umeitaja?

Mama yako mkubwa,
Velika

---

Zaragoza, 28 Machi 2009

Shikamoo Mama Mkubwa,

Wote wazima, nashukuru. Naandika haraka, muda wa kula unakwisha.

Ikoni ya Nikola Mtakatifu, ile picha takatifu ndogo ya bati iliyokuwa upande wa kulia wa usukani. Jumapili inakuwa wapi?

Kama huwa unaitoa, irudishe, ikae palepale, usiiguse hata kwa kitambaa cha vumbi. Gari litawaka siku zote. Hilo tu.

Desi anakusalimia.

Yavor

---

Gornovo, 9 Aprili 2009

Yavor,

Leo salamu hakuna. Kwanza tumalize hili.

Ikoni naitoa, ndiyo. Mara ya kwanza hukuitaja ikoni, ulitaja vitu vya dashibodi, na Nikola Mtakatifu tangu lini akawa kipuri? Ikoni ya nyumbani nilimwekea Gancho kifuani, akaenda nayo. Iliyobaki ni ya garini. Kwa hiyo jioni ya kuamkia sikukuu naileta ndani, naiweka karibu na taa ya mafuta, nawasha, namwombea mume wangu. Sikukuu ikiisha nairudisha. Mwanamke mjane afanye nini, aombe kwenye kalenda?

Nilipopata barua yako nikaenda garini saa hiyohiyo na aproni yangu. Ikoni ipo: linawaka. Ikoni mkononi: halishiki, taa inakonyeza. Nimerudia mara kumi na mbili. Halafu nikaigeuza. Nyuma kuna sumaku nene kama kifuniko cha chupa ya maziwa, imegandishwa kwa gundi nyeusi. Siku zote nilidhani ni ya kuishikilia tu isianguke. Unajua, sumaku ya kushikilia bati la ukubwa wa kadi haihitaji kuwa ya spika ya redio.

Nikakaa kwenye kiti cha Gancho nikaanza kukumbuka. Kila tulipokuwa tunakwenda kwa mama yako, mimi nikifunga mlango wa nyumba na kuwaaga majirani, yeye yuko garini anambusu Nikola Mtakatifu. Nilikuwa najisifu kwa majirani kwamba mume wangu ni mcha Mungu. Alikuwa anambusu, anamtia mfukoni, halafu anageuza ufunguo, anageuka na uso wa huzuni, "Velika, limegoma tena." Tukiwa tunakwenda sokoni alikuwa habusu mtu.

Krismasi mbili. Ubatizo wa mtoto wa dada yako. Na harusi yako, Yavor. Harusi yako pia?

Wewe ndiye uliyefunga ule mtambo. Barua yako ya kwanza ilikuwa tayari inaniambia nisiguse dashibodi. Nakuuliza kama mama yako mkubwa aliyekufundisha kusoma kwenye bahasha za posta: ulikuwa unajua?

Velika

---

Zaragoza, Jumatatu ya Pasaka, 20 Aprili 2009

Shikamoo Mama Mkubwa,

Kristo amefufuka. Tulipaka mayai rangi, tukayagonganisha, na la Kalina limevunja ya kila mtu, na mkate mtamu wa Desi safari hii umeumuka. Nimeituma hii kwa haraka, ile huduma ya kutia saini, ili ikufikie kabla ya Gergi Mtakatifu.

Nilikuwa najua.

Nikueleze tangu mwanzo. Mwaka wa tisini na nne nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka chuo cha ufundi, na magari yalikuwa yanaibiwa kila usiku kisha wezi wanapiga simu kudai pesa za kuyakomboa. Kila mwanaume alikuwa na swichi yake ya siri, chini ya kiti, ndani ya kiberiti cha gari, popote, na hamwambii hata mkewe. Baba Mkubwa aliniita. Akasema swichi yoyote mwizi ataitafuta, redio ataiiba, lakini Nikola Mtakatifu hatamgusa. Nikaweka chini ya plastiki ya dashibodi kijibomba kidogo cha kioo chenye vidole viwili vya chuma ndani. Sumaku ikiwa juu yake, vidole vinashikana na umeme unakwenda kwenye koili inayotoa cheche. Sumaku ikiondoka, hakuna cheche. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza niliyoipenda. Aliniapisha juu ya mkate na chumvi kwamba sitamwambia mtu, na mimi niliapa kwa sababu ya wezi.

Kwamba alikuwa anaitumia kwa mama yangu, sikujua mpaka harusi. Tulisubiri saa mbili nzima, Mama kasimama mlangoni. Jioni Baba Mkubwa akapiga simu ukumbini, akaomba kuongea na mimi. Akasema, "Mwanangu, nilitaka kukwepa chakula kimoja tu na ulimi wa Tsonka. Sikukumbuka kwamba leo ni yako. Nilipokumbuka, Velika alikuwa amekwisha toka nyumbani kwa hasira, na mimi niliona aibu." Nafikiri alikuwa analia. Akaniambia kiapo ni kiapo.

Unajua kilichotokea kati yake na Mama. Siku mlipochumbiana Mama alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu akauliza kama huyo ndiye wote au kuna kipande kingine kinakuja nyuma. Kwa mtu mfupi, ilimchoma hadi mwisho.

Nilinyamaza kwa kuwa nimeapa. Hicho ndicho nilichojiambia miaka kumi na moja. Ukweli ni kwamba niliogopa nikisema, nyinyi wawili mtapatana na mimi ndiye nitakayebaki mbaya, fundi aliyeitengeneza. Ni mimi niliyewatenganisha, kwa waya wangu mwenyewe, halafu nikaja kukaa mbali huku. Nisamehe, Mama Mkubwa. Naona aibu hata kukuandikia.

Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Chini ya dashibodi, toa skrubu mbili, utaona nyaya mbili za kijani. Zikate, ziunge pamoja, zifunge utepe. Baada ya hapo ikoni inaweza kukaa popote na gari litawaka Jumapili na sikukuu. Na kama unataka, Mama nitampigia mimi leo hii nimwambie kila kitu.

Mwanao, kama bado nina haki hiyo,
Yavor

---

Gornovo, 1 Mei 2009

Mwanangu Yavor,

Amefufuka kweli. Wewe ni mwanangu, uache upuuzi. Ungekuwa mtu mwingine ningekurudishia barua yako na makosa yamepigwa mstari mwekundu.

Jumatatu ya Pasaka, kabla hata sijapata barua yako, nilikwenda makaburini na mayai mekundu kama watu wote. Kila mtu aliacha yai juu ya kaburi la mtu wake. Mimi nilisimama mbele ya Gancho, nikalimenya, nikalila lote, na chumvi, akiniona. Nikamwambia mengi. Wenzangu waliokuwa kaburi la jirani wakasogea mbali. Nimekasirika, Yavor. Miaka kumi na moja nimekuwa nikimtetea. Nilikuwa nikisema kwa kila mtu, gari lake bovu, maskini, hana la kufanya. Na jioni nilirudi nyumbani nikalala na koti lake, kwa hiyo hata hasira yenyewe siijui vizuri.

Mama yako usimpigie. Ukimwambia wewe, atasema unanitetea. Hili ni langu.

Nyaya za kijani nimeziona, nimetoa skrubu zote mbili, nikazirudisha. Sizikati. Kama nitafika kwake na gari zima linalowaka vizuri, atasema, "Naona sasa limepona, hongera," na tutabaki palepale. Mtambo wako nauhitaji kama ulivyo mpaka aone kwa macho yake. Wewe uliufunga, basi na utoe ushahidi.

Njia ya mlimani wameifungua jana. Nimeoka, nimeosha gari, nimekagua maji na oili. Tarehe sita alfajiri naondoka. Ombea nikute mtu nyumbani.

Velika

---

Troyan, Alhamisi, 7 Mei 2009

Mwanangu Yavor,

Tazama juu ya karatasi nimeandika mji gani. Mama yako atakuwa ameshakupigia simu kabla hujapata hii, lakini namjua, atakwambia nusu, na nusu atakayokwambia ni ile inayompendeza yeye. Kwa hiyo nimemwomba kalamu.

Sote wazima. Anakusalimia, yuko jikoni ananiambia niandike herufi kubwa kwa sababu siku hizi huoni.

Niliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kupanda mlima sikupata shida mpaka kona ya tatu kutoka juu. Kulikuwa na ukungu, nikakata kona kwa nguvu kidogo, Nikola Mtakatifu akaruka. Injini kimya, katikati ya kona, nyuma yangu lori la magogo. Nilivuta breki ya mkono, nikaingia chini ya usukani na nguo yangu ya sikukuu, miguu ikiwa nje. Dereva wa lori akashuka akauliza, "Bibi, umezimia?" Nikamwambia namtafuta mtakatifu. Akavua kofia akasubiri kwa heshima. Mtakatifu alikuwa amelala chini ya pedali ya klachi. Nikamrudisha mahali pake, nikamfunga kwa kitambaa changu cha kichwa kuzunguka dashibodi nzima, gari likawaka mara moja, na yule dereva akafanya ishara ya msalaba mara tatu.

Saa mbili na nusu nilikuwa getini. Mama yako alikuwa uani anafunga masanduku kwa kamba. Hakunyanyuka. Akasema, "Umekuja kununua makabati yangu?" Nikasema, "Njoo kwenye gari, Tsonka." Akasema hana haja na gari la Gancho. Nikasema, "Dakika tano, halafu unifukuze." Nadhani alikuja kwa sababu nilikuwa kichwa wazi, na tangu tukiwa wasichana hajawahi kuniona nje bila kitambaa.

Nikamkalisha kwenye kiti cha dereva. Ukumbuke hajawahi kuendesha hata toroli. Nikamwambia geuza ufunguo. Likawaka, akaruka. Nikamwambia lizime. Nikafungua kitambaa, nikampa ikoni mkononi. "Geuza sasa." Stata ikazunguka, ikazunguka. "Tena." Hakuna. "Rudisha ikoni, ugeuze." Likawaka. Mama yako akakunja uso. Akaichukua mwenyewe, akajaribu. Akairudisha, akajaribu. Alifanya hivyo mara nane, Yavor, na mimi nimesimama mlangoni mwa gari nikihesabu.

Ndipo nikamweleza. Ya wezi, ya kiapo, ya kubusu na mfukoni. Nilikuwa najiandaa amtukane marehemu, na nilikuwa nimeamua sitamzuia. Unajua alifanya nini? Alicheka. Alilala juu ya usukani, honi ikalia, akaendelea kucheka huku honi inalia mpaka majirani wakajaa. "Yule mfupi," anasema, "yule mfupi alinishinda." Na mimi nikaanza, tukawa wajinga wawili.

Akaacha kucheka ghafla. Akaniuliza bila kunitazama, "Na wewe siku ile ulikuwa wapi?"

Hilo sijawahi kumwambia mtu, hata Gancho. Nilimjibu kweli. Gari lilipogoma nilichukua mkate wa harusi niliouoka, nikaufunga kwa nguo nyeupe, nikaanza kutembea. Nilifikiri nitapata gari njiani. Jumapili ile halikupita hata moja. Nilipanda mpaka pale miti inapoisha, viatu vyangu vya sherehe mkononi. Mvua ikaja. Nilikaa juu pale mpaka giza, mkate ukageuka uji kwenye mapaja yangu, nikauacha kwa ndege nikarudi. Niliona ni aibu kusimulia. Nani angeamini?

Mama yako aliendelea kushika usukani. Kisha alishuka, akapita uani, akainama kwenye sanduku kubwa, akaanza kukata zile kamba kwa kisu cha jikoni. Akatoa mablanketi, akatoa sufuria, akayapanga nje kwenye nyasi. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Natafuta vikombe vya kahawa. Nimeviweka chini kabisa."

Kahawa tulikunywa tumekaa juu ya mablanketi. Ananiambia yangu chungu.

Ndege ya tarehe kumi na mbili iende tu bila yeye, na wewe usigombane naye kwenye simu, nyote wawili mtapoteza. Kesho tunapanda gari twende Gornovo, waridi zimeanza kuchanua na shamba langu linataka mikono minne. Jirani mmoja ametushauri tukate nyaya zako za kijani kabla ya safari. Tsonka amekataa. Anasema ikoni atakaa nayo yeye mapajani, ili siku mimi nikitaka kuondoka bila yeye, nisiweze.

Mama yako mkubwa,
Velika

Yavor, ni mimi. Nilisimama kwenye mlango wa ukumbi siku ya harusi yako nikitazama barabara, na dada yangu alikuwa juu mlimani anatazama barabara ileile. Wewe nitakuja kukupiga makofi mwenyewe, Oktoba, theluji ikianza. Mpaka hapo usinisumbue, nina mgeni.

Mama